Mama Victoire wa Choo cha Majivu

"Sasa weye Mama Victoire, wenzako wanachunga mbuzi, wengine wanachunga duka, weye unachunga mavi?"

Aliyeuliza ni Marie-Rose, jirani wa ukuta kwa ukuta, mikono kiunoni, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanangojea zamu kwenye bomba. Walicheka mpaka bidoni moja ikaanguka na maji yakamwagika. Mama Victoire alikuwa anapita na beseni la majivu kichwani. Hakusimama. Alijibu tu bila kugeuza shingo, "Ndiyo, mama. Na yanatii kuliko watoto wa wengine," akaendelea na safari yake.

Toka siku ile akaitwa Mama wa Majivu. Avenue yao, kule Kavimvira karibu na ziwa, ina watu wepesi sana wa kutoa majina. Kufagia ndiko kunakowashinda.

Jina halikumuuma. Alizaliwa Runingu, akasoma mpaka mwaka wa sita wa primeri, akaolewa na Libérat wa Kiringye, mwanaume mrefu asiye na maneno mengi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchimba vyoo. Mke wa mchimba vyoo hawezi kuwa na pua ya kifalme. Libérat alichimba nusu ya mashimo ya avenue ile, na mashimo yake yalinyooka kama yamepimwa kwa uzi. Wakati ule ziwa lilikuwa mbali, limekaa kwa heshima mahali pake. Kisha likaanza kupanda. Kila mwaka Libérat alirudi nyumbani mapema zaidi, akisema, "Leo nimekutana na maji kwenye kifua," halafu "kwenye kiuno," halafu "kwenye magoti." Yalipofika kwenye magoti aliweka sururu yake chini. Alikufa kabla ya mafuriko makubwa, na Mama Victoire humshukuru Mungu kwa hilo, maana hakuona kazi ya mikono yake ikirudisha kila ilichopewa. Mashimo yote yalifurika. Vitu ambavyo watu walidhani wameshaagana navyo vilielea uani vikagonga milango. Nyuma yake ikaja kolera. Claire, mtoto wake wa tatu, aliamka mzima asubuhi, na kufika saa kumi alikuwa ameshafunikwa shuka.

Kwa hiyo shirika moja lilipokuja kujenga choo cha namna mpya katika parseli yao, kile kiwanja walichogawana, choo kimoja cha familia sita, na kuomba mtu wa kujifunza kukitunza, Mama Victoire aliwatazama wanaume wakitazama viatu vyao. Mmoja alisema ana mgongo. Mwingine alisema ana diploma. Akanyoosha mkono yeye.

"Minye nitafanya," alisema. "Sina diploma ya kuniumiza."

Choo chenyewe si cha ajabu kwa mtu anayetaka kuelewa. Kimesimama juu ya ardhi, hakikuingia ndani yake. Unapanda ngazi nne. Chini ya sakafu kuna vyumba viwili vya matofali. Kimoja kinatumika, kingine kimefungwa, kinalala. Cha kwanza kikijaa unakifunga kwa mwaka mzima na kuhamia cha pili, na wakati cha pili kinajaa, kile cha kwanza kinageuka udongo. Mkojo una tundu lake mbele, unapita kwenye tuyo, bomba la plastiki, mpaka ndani ya bidoni iliyo nje. Mavi yanaangukia nyuma peke yake, na kila mtu akimaliza anayafunika kwa vikopo viwili vya majivu. Maji hayaingii. Elimu yote ya siku mbili za formasio ilikuwa hiyo: pakavu. Mavi yakikauka hayana harufu wala nzi. Yakilowa, ni shetani mwenyewe.

Kila asubuhi, akitoka kusali rozari yake, Mama Victoire alizunguka nyumba sita akikusanya majivu ya majiko, akayachuja mkaa, akajaza ndoo ya chooni. Alifagia. Alibadilisha bidoni. Kila wiki alifungua kimlango cha nyuma, akalisawazisha lile rundo kwa fimbo ndefu ili lisisimame kama mlima chini ya tundu. Kazi hiyo haikumchosha. Kilichomchosha ni watu. Wanaume wazima, wenye ndevu na vyeo kanisani, walikuwa hawajui kukaa. Walisimama pale juu kama askari kwenye gwaride, wakalowesha kila kitu isipokuwa lile tundu la mkojo. Aliandika kwa mkaa ukutani neno moja, KAA, na chini yake, kwa adabu, TAFADHALI.

Mwaka wa kwanza ulipoisha alikifungua chumba kilicholala. Kilichotoka ni udongo mweusi, mwepesi, unaonuka kama shamba baada ya mvua. Marie-Rose alipita akaona lile rundo juani, akainama, akachukua konzi, akaliponda kwa vidole.

"Mana yanje, Mungu wangu, udongo muzuri vile! Umetoa ku Runingu?"

"Hapana, mama. Wa hapa hapa. Na weye ulichanga."

Marie-Rose alinawa mikono mara tatu, mara ya mwisho kwa maji ya moto. Udongo ule ulipelekwa kwa Bruno, kaka yake Mama Victoire, akautia kwenye migomba yake kule Runingu. Mwaka uliofuata mikungu ilipoletwa Uvira, Marie-Rose ndiye aliyekula ndizi nyingi kuliko wote. Mama Victoire hakumwambia kitu. Kuna mambo ambayo mtu anayanyamazia kwa upendo, na mengine kwa sababu yanafurahisha zaidi yakinyamaziwa.

Sasa, mwaka huu, baada ya Pasaka, choo kikaanza kunuka.

Kwanza ilikuwa harufu ya kupita tu. Wiki ya pili ikawa harufu ya kukaa. Wiki ya tatu wakaja nzi, tena wale wa kijani, na watoto wakaanza kukimbilia kwenye matete ya ziwani kufanya haja zao palepale watu wanapochota maji ya kuoshea vyombo. Mama Victoire alimwona mtoto wa kwanza akirudi kutoka kwenye matete anafunga kaptura. Alijua njia ile inaishia wapi. Alishaipita.

Akatafuta ugonjwa. Alianza juu, kama alivyofundishwa. Aliwasha karatasi, akaizima, akaishika ikifuka moshi juu ya tundu. Moshi uliingia ndani, na baada ya muda mfupi ukaonekana unatokea kule juu ya paa, kwenye ile tuyo nyeusi ya hewa. Basi tuyo inavuta. Akaja kwenye mkojo: alimwaga kikombe kimoja kwenye tundu la mbele, kikatoka chote ndani ya bidoni. Basi haikuziba. Akatazama paa kama linavuja, akatazama kuta kama zimepasuka. Hakuna. Mwisho akaenda nyuma, akafungua kimlango, akachoma fimbo kavu ndani ya rundo. Ilitoka imelowa kama mwiko unaotoka kwenye uji, na funza wakining'inia.

Juu kulikuwa na majivu ya kutosha. Maji yanatoka wapi?

Akainama karibu zaidi. Chini ya ile harufu ya kawaida kulikuwa na nyingine, kali, inayochoma macho. Pua yake iliitambua kabla ya kichwa. Ilikuwa harufu ya hema walimolazwa wagonjwa, harufu ya siku ya Claire. Klore, ile dawa ya kuua vidudu vya kolera.

Akasimama, akafunga kile kimlango, akaenda moja kwa moja kwa Marie-Rose.

"Dada, nani anamwaga klore mu choo?"

"Kwani haujui?" Marie-Rose aliacha kuchambua majani ya sombe. "Ni prezida! Kila Jumamosi, siku ya posho, watu wakiwa kwa kazi ya pamoja ya salongo, weye ukiwa umeenda kufagia kanisa. Ndoo mbili. Ndoo moja kila shimo. Anasema weye unapaka uchafu majivu tu, yeye njo anausafisha."

"Kila shimo? Na ile inalala?"

"Hata ile. Alipiga nyundo kidogo, kifuniko ikatoka. Akasema mavi haina ruhusa ya kulala."

Mama Victoire alikaa chini kwenye kigoda cha mwenzake bila kuombwa. Kile chumba kilikuwa kimelala miezi nane.

Huyo prezida ni Papa Hyacinthe, mkubwa wa komite ya usafi ya avenue. Zamani alikuwa karani katika ofisi fulani, na ingawa ofisi ilimwacha, yeye hakuiacha: kila asubuhi anavaa shati la mikono mirefu, anatia kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu, kisha anakwenda kukaa mlangoni kwake. Wakati wa kolera alipelekwa formasio ya siku tatu juu ya klore. Alirudi na breve, cheti chenye muhuri, na jile, kizibao cha rangi ya chungwa. Breve aliitundika sebuleni juu ya picha ya ndoa. Jile hakuivua tena.

Klore ni kitu chema. Hakuna mtu wa Uvira atakayeitukana. Imeokoa wengi, na anayebisha aulize wauguzi. Lakini Papa Hyacinthe alikuwa anainyunyiza kwenye vizingiti, kwenye matairi ya pikipiki, kwenye miguu ya kuku, kama padiri anavyonyunyiza maji ya baraka. Tofauti ni kwamba padiri anajua pa kuishia.

Mama Victoire alimkuta mlangoni, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Papa Hyacinthe, shikamoo. Nimekuja juu ya choo."

"Ah, Mama wa Majivu! Choo iko nanuka. Tumeshaona."

"Iko nanuka kwa sababu ya maji, papa. Ile choo haitaki maji. Na klore inaua hata vile vidudu vinavyofanya kazi ya kugeuza udongo."

Papa Hyacinthe alitabasamu jinsi mtu anavyomtabasamia mtoto aliyesema mwezi unamfuata.

"Vidudu vinavyofanya kazi. Vinalipwa wapi, mama?" Akageukia watu wa mlango wa pili ili nao wasikie. "Weye ulisoma mpaka wapi?"

"Ya sita."

"Ya sita. Minye niko na breve. Usafi ni maji. Hata kanisani kwenu mutu anabatizwa na maji, habatizwi na majivu. Ama ninadanganya?"

Watu wa mlango wa pili walicheka. Mama Victoire alimtazama: ile jile, zile kalamu mbili, ule mguu juu ya mwenzake. Akafikiri kwamba Mungu ana subira kubwa sana, na kwamba yeye hakupewa hata robo yake.

"Haudanganyi, papa," alisema. "Lakini mutu akishabatizwa, hawarudilii kila posho."

Kwa jibu lile akapata adhabu. Siku mbili baadaye komite ilikutana, watu kumi na mmoja na viti saba, na Papa Hyacinthe akasema kwamba choo cha majivu kimeshindwa. Ni kitu cha bure, na kitu cha bure huoza. Watachimba shimo la kawaida, la heshima, metre sita, kama vyoo vya watu wote duniani. Kazi itafanyika siku tatu za salongo. Posho ya nne choo cha majivu kitabomolewa, na matofali yake yatajenga biro, ofisi ya komite.

"Munachimba wapi?" aliuliza Mama Victoire kutoka nyuma.

"Pale nyuma ya mukuyu."

"Papa, Libérat alichimba pale. Aliacha kwa sababu maji iko kwa magoti."

"Libérat, Mungu amurehemu, hakuwa na teknik," alisema Papa Hyacinthe. "Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ilipanda. Kuna mikono iliyopanda ikiwa bado na majivu ya jiko la asubuhi. Marie-Rose aliunyoosha wake nusu, mpaka kwenye sikio, akajifanya anajikuna.

Basi Mama Victoire akawa na posho tatu. Hakulia, wala hakuenda nyumba kwa nyumba kujieleza. Alimwita Pitchou, motari wa kona anayebeba watu kwa pikipiki, akamtuma Kiringye kwenye mashine ya mpunga kuchukua maganda, yale makapi makavu ambayo huko yanatupwa kwa milima.

"Magunia mangapi, mama?"

"Matano."

"Ya kuku?"

"Ya choo."

Pitchou alizima pikipiki. "Mama, minye nabeba abiria, nabeba mbuzi, siku moja nilibeba jeneza. Sasa nibebe pamba ya kufutia mavi?"

"Pitchou, mwanangu, haja kubwa unafanyia wapi?"

"Pale pale kwenu."

"Basi unabeba yako. Enda."

Akaenda. Alirudi na magunia yamefungwa nyuma mpaka kichwa chake hakionekani, na watu wa barabarani wakampigia filimbi.

Kazi iliyofuata haisimuliwi mezani. Mama Victoire alijifunga kitambaa puani, akavaa mabuti ya mvua ya marehemu Libérat, akafungua vimlango vyote viwili vya nyuma. Alitoa tope kwa jembe, kidogo kidogo, akalichanganya na maganda ya mpunga na majivu juu ya mabati ya zamani, kwa uangalifu kama mtu anayekanda unga wa sikukuu. Kisha akalirudisha ndani likiwa halishikani tena mkononi. Chumba kilichokuwa kimelala alikifunga upya kwa udongo wa mfinyanzi. Miezi nane yake ilikuwa imepotea. Akaanza kuhesabu moja. Alifanya hivyo asubuhi nne mfululizo, baada ya misa ya kwanza, na kila mtu aliyepita njia alifunika pua na kuharakisha, pamoja na wale waliokuwa wenye mali ile.

"Mama Victoire, hauoni haya?" mmoja alimwuliza.

"Naona. Ila si yangu."

Hata hivyo alijua kazi yote ile ni bure kama posho itafika na Papa Hyacinthe atapanda zile ngazi nne na ndoo zake. Ndoo mbili tu, na tope linarudi. Angeweza kukaa mlangoni kumzuia. Lakini mwanamke mjane anayepigana na prezida chooni, hata akishinda, ameshindwa. Akaomba rozari nzima kwa nia hiyo, na kwa sababu hakujua aombe nini hasa, alimwachia Mama Maria achague.

Posho ya kwanza ikafika. Papa Hyacinthe alitoka na jile yake, filimbi shingoni, akawapanga wanaume nyuma ya mkuyu. Wakachimba. Kwenye magoti, maji yakaja.

"Ni maji ya mvua," alisema prezida. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili. "Mutoe."

Wakayatoa kwa ndoo. Yakarudi. Wakatoa, yakarudi. Mpaka saa sita walikuwa wameshahamisha nusu ya ziwa Tanganyika na kulimwaga kando, nalo likawa linarudi nyumbani chini kwa chini. Papa Hyacinthe akaagiza klore yote ya komite iletwe, akaimwaga mle shimoni, maana maji yale, alisema, yalikuwa na ubishi wa mikrobi.

Mama Victoire alirudi kutoka kanisani akaogopa kufungua mlango wa choo. Akafungua. Sakafu ilikuwa kavu. Ndoo ya majivu ilikuwa mahali pake. Prezida hakuwa na nafasi ya kupita.

Posho ya pili waliweka mbao za kuzuia kuta. Kuta zilianguka na mbao zake, na katibu wa komite akatolewa akiwa na kiatu kimoja. Klore ya jirani iliazimwa, ikamwagwa shimoni. Chooni hakuna aliyekwenda. Mama Victoire alichoma fimbo yake ndani ya rundo. Ilitoka na unyevu kidogo kwenye ncha, basi. Funza walikuwa wamekwisha. Siku ya nne watoto wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Watoto hawana komite. Mahali pasiponuka wanapajua wenyewe.

Posho ya tatu Papa Hyacinthe akaleta teknik. Lilikuwa pipa kubwa la chuma, limezibwa chini vizuri ili maji yasiingie. Litazamishwa shimoni, alieleza, litajaa kwa heshima, na maji ya nje yatabaki nje. Wanaume wanane walilikalia mpaka likazama, wakaweka mawe mawili juu, wakapiga makofi. Mama Victoire alikuwa anapita na majivu yake. Alisimama kidogo. Alikumbuka sufuria tupu inavyofanya ukiisukuma ndani ya beseni la maji, akataka kusema. Kisha akamwona prezida anampungia mkono, kama mtu anayemuaga msafiri. Akaenda zake na beseni.

Asubuhi ya yenga, yaani Jumapili, watu wakitoka misa walikuta mawe yako chini na pipa liko juu ya maji, linazunguka polepole, na bata wawili wa Marie-Rose wanalizunguka wakilichunguza.

"Weee!" alisema Marie-Rose kwa sauti ya kufika Burundi. "Choo ya prezida iko naogelea!"

Hakuna mtu aliyetaja tena posho ya nne. Lakini hakuna aliyesema pia kwamba haitakuwapo, na nyundo tatu zilizokuwa zimeazimwa kwa ajili ya kubomoa zilikuwa bado zimeegemea ukuta wa Papa Hyacinthe. Mama Victoire alizipita kila siku, asubuhi na jioni, akiwa na beseni lake.

Siku ya tano, yaani Ijumaa, alikuja Madame Olga, wa lile shirika, na daftari na kofia kubwa. Alikuwa amesikia kwamba choo kinanuka na kwamba watu wanataka kukibomoa. Familia zote sita zilitoka. Papa Hyacinthe alifika wa kwanza, kalamu zote mbili mfukoni.

Madame Olga alipanda zile ngazi nne, akaingia, akakaa humo muda mrefu kuliko walivyotegemea. Alipotoka alikwenda nyuma, akafungua kimlango, akainama, akavuta pumzi. Watu sita walivuta pumzi pamoja naye bila kutaka.

"Haina harufu," alisema.

"Haina!" alisema Papa Hyacinthe, akasogea mbele. "Ilikuwa nayo, Madame. Kubwa! Lakini komite ilipigana. Klore, kila posho, ndoo mbili, miezi mizima. Dawa kali haifanyi kazi palepale, inachukua muda wake. Sasa munaona matunda."

Marie-Rose alifungua mdomo. Mama Victoire akamgusa kiwiko, na mdomo ukafungwa.

"Na kubomoa?" aliuliza Madame Olga.

"Nani alisema kubomoa?" Prezida alitazama huku na huku akitafuta mtu mbaya kiasi hicho. "Hii choo ni mufano wa avenue yetu!"

"Na lile shimo nyuma ya mti?"

Kila mtu aligeuka. Bata walikuwa wanne sasa.

"Ile ni bwawa ya samaki," alisema Papa Hyacinthe. "Mradi wa pili."

Pitchou, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake, alikohoa mpaka akashuka. Lakini Madame Olga aliandika. Aliandika choo, akaandika klore, akaandika hata samaki. Alifurahi sana, na mtu aliyefurahi na daftari mkononi ni vigumu kumrudisha nyuma. Alisema shirika litaweka bamba dogo la chuma mlangoni, lenye jina la mtu aliyekiokoa choo, ili avenue nyingine zije kujifunza. Papa Hyacinthe aliinamisha kichwa kidogo, kama anayekubali msalaba, akataja jina lake lote, na herufi zake moja moja, na kwamba kuna *h* mbili ndani yake. Watu walipiga makofi. Wengine walikuwa walewale waliofunika pua.

Mama Victoire alisimama nyuma na mabuti ya marehemu mumewe miguuni, akitazama zile ngazi nne. Choo kitabaki, hilo alilisikia, na moyo wake ukashuka mahali pake. Bamba halikumsumbua. Bamba halinuki. Lakini alisikia pia lile neno jingine, kila posho, ndoo mbili, na sasa limeandikwa katika daftari la mgeni, na kitu kikishaandikwa, mtu kama prezida hukifanya mpaka kufa. Shimo la kumshughulisha lilikuwa limekwisha. Leo ni siku ya tano. Kesho ni posho.

Madame Olga alimwona, akakumbuka kwamba huyu ndiye aliyekuja kwenye formasio.

"Na weye, Mama Victoire? Unaomba kitu gani kwa shirika?"

Watu wakageuka. Papa Hyacinthe naye akageuka, akamtabasamia kwa huruma, kalamu nyekundu mkononi tayari kumwandikia.

Mama Victoire alivuta kitambaa chake cha kichwa kikakaa sawa. Akasema polepole, kwa sauti yake ya kanisani:

"Jina muandike lake. Minye ninaomba tu, siku ya posho akikuja huku, akuje mikono mitupu."